Miaka miwili bila kazi ya kuonyesha: kisa cha Judith Scott na studio ya Creative Growth

Tarehe 1 Aprili 1987, Judith Scott alianza kuhudhuria studio ya sanaa ya Creative Growth mjini Oakland, California. Alikuwa na umri wa miaka 43. Alikuwa na sindromu ya Down, alikuwa kiziwi, hakusema, na utotoni hakuna aliyemfundisha lugha ya alama. Kwa karibu miaka miwili hakufanya jambo lolote la kumvutia mtu. Alipewa rangi, akachora viduara na mistari ya kujizungusha, basi. Wafanyakazi walifikia hatua ya kujiuliza kama kuna haja ya kuendelea kumwekea nafasi.

Leo kazi zake zimo katika hazina ya Museum of Modern Art ya New York na katika mkusanyo wa Art Brut, yaani sanaa ya watu wasiosomea sanaa, ulioko Lausanne, Uswisi. Makumbusho ya Brooklyn yalimfanyia maonyesho ya peke yake kuanzia mwishoni mwa 2014, na mwaka 2017 kazi zake zilipelekwa kwenye Biennale ya Venice, maonyesho makubwa ya kimataifa ya sanaa. Kwa hiyo kisa chake husimuliwa kama habari ya kipaji kilichofichwa kikaja kufichuliwa. Sina ugomvi na usimulizi huo, ila haumsaidii sana mtu anayeendesha ushirikiano kati ya wasanii na vijana wenye ulemavu wa akili. Wa kumsaidia mtu huyo ni ule muda ambao wasimulizi huupita kwa sentensi moja. Katika miaka hiyo miwili, nani alikuwa analipa? Nani alikuwa anamleta asubuhi? Kwa nini hakuondolewa? Majibu yake yanahusu mpangilio wa huduma kuliko yanavyohusu kipaji, na mpangilio ni kitu ambacho mwingine anaweza kuuiga.

Alivyopotezwa akiwa na miaka saba

Judith alizaliwa Mei 1943 katika jimbo la Ohio, pacha wa Joyce. Hawakuwa pacha wa kufanana: Joyce hakuwa na sindromu ya Down. Walilala kitanda kimoja na kucheza pamoja. Inaaminika kwamba homa nyekundu aliyougua akiwa mtoto mchanga ndiyo iliyomwondolea Judith uwezo wa kusikia, lakini hakuna mtu mzima aliyeling'amua hilo wakati ule. Walipofikia umri wa kuanza shule, alipimwa akili kwa maswali ya kuulizwa kwa mdomo. Mtoto asiyesikia anaulizwa kwa sauti, hajibu, na kutojibu kwake kunaandikwa kuwa ni kutoelewa. Akapewa alama 30 na kuhesabiwa kuwa hafundishiki.

Oktoba 1950 alipelekwa katika taasisi kubwa ya jimbo mjini Columbus. Joyce aliamka akakuta nafasi ya pacha wake kitandani iko tupu. Amesimulia pia, kwa kutegemea kumbukumbu za taasisi, kwamba Judith alipojaribu kutumia kalamu za rangi kama watoto wenzake, alinyang'anywa kwa madai kwamba akili yake haifikii kuchora. Alibaki katika taasisi za namna hiyo miaka 35 hivi.

Kosa hili halikuwa la mtu mmoja mkatili. Marekani ya 1950 haikuwa na sheria ya taifa iliyolazimisha shule kumpokea mtoto mwenye ulemavu. Sheria hiyo ilipitishwa mwaka 1975. Kabla ya hapo ushauri wa kawaida wa daktari kwa wazazi ulikuwa mwepesi: mpelekeni, msahau. Wazazi wengi walitii, nao waliumia. Ninachotaka kishikwe hapa ni kwamba hukumu iliyombana Judith maisha yote ilitokana na kipimo kilichofanyika kwa muda mfupi, kwa njia moja tu ya mawasiliano, na watu waliohitaji jibu haraka. Tutalikuta jambo hilo tena tukifika kwenye miradi ya sanaa ya siku hizi.

Nani alikuwa mshirika wa nani

Katikati ya miaka ya 1980 Joyce, ambaye wakati huo aliishi California, aliamua kwamba pacha wake hatazeekea ndani ya taasisi. Baada ya mvutano mrefu wa makaratasi kati ya majimbo mawili, akawa mlezi wake wa kisheria na kumchukua akaishi naye.

Bahati yao ni kwamba alihamia California. Jimbo hilo lilikuwa na sheria ya 1969 iitwayo Lanterman Act, inayompa mtu mwenye ulemavu wa makuzi haki ya huduma katika maisha yake yote. Haki hiyo inatekelezwa na vituo vya kanda, ambavyo ni 21. Hivi ni mashirika yasiyo ya kiserikali yenye mkataba na jimbo. Kila mtu huandaliwa mpango wake binafsi, kisha kituo cha kanda hununua huduma zilizoandikwa humo: makazi, usafiri, mahali pa kushinda mchana.

Creative Growth ilikuwa mojawapo ya mahali pa kushinda mchana. Iliasisiwa mwaka 1974 na mume na mke, Elias Katz aliyekuwa mwanasaikolojia na Florence Ludins-Katz aliyekuwa msanii na mwalimu, na ilianzia katika gereji ya nyumba yao. Ulikuwa wakati ambapo majimbo yalikuwa yakipunguza watu katika taasisi kubwa, na wengi waliotolewa hawakuwa na pa kwenda kukipambazuka. Wanandoa hao baadaye walisaidia kuanzisha studio nyingine mbili katika eneo hilohilo: NIAD mjini Richmond mwaka 1982 na Creativity Explored mjini San Francisco mwaka 1983. Zote tatu bado zipo.

Basi washirika walikuwa wanne, na kila mmoja alileta kitu ambacho wengine hawakuwa nacho. Jimbo lilileta fedha za kila siku zisizotegemea matokeo ya kisanaa. Familia ilileta mtu anayemjua Judith na mwenye mamlaka ya kisheria ya kumsemea. Studio ilileta nafasi, vifaa na wasanii wenye kazi zao wenyewe, watu ambao hawakuajiriwa kama matabibu. Wa nne walikuwa wasanii wageni waliokuja kufundisha kwa muda kisha wakaondoka. Mshirika huyu wa mwisho ndiye watu humkumbuka zaidi, kwa sababu ndiye aliyekuwepo jambo lilipotokea. Lakini ukimwondoa wa kwanza, wa nne asingemkuta Judith chumbani.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema ushirikiano wa sanaa ni ubunifu wa kujinasua kutoka kwa urasimu. Katika kisa hiki urasimu, kwa maana ya fomu, mpango binafsi na malipo ya kila mwezi, ndio uliomlinda Judith dhidi ya kuchoka kwa watu wema. Mtu mwema huchoka. Kifungu cha sheria hakichoki, mradi kuna mtu wa kukidai, na Joyce alikuwepo.

Miaka miwili ile

Tujaribu kuitazama jinsi ilivyokuwa machoni pa mfanyakazi wa studio. Ana watu wengi wa kuwahudumia. Wengine wanachora kwa bidii, wengine wanadai udongo, wengine wanagombana. Katika meza moja yuko mwanamke mfupi asiyesema, asiyeitika, anayeshika brashi akizungusha rangi kisha anaiweka. Hakuna anayejua anapenda nini. Hakuna lugha ya kumuuliza. Wiki zinapita, miezi inapita, ripoti zake zinafanana.

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba sanaa haimfai. Hitimisho hilo lingeandikwa kwa heshima zote, labda kwa lugha ya "kutafuta huduma inayomfaa zaidi", na lingekuwa ni kipimo cha mwaka 1950 kikirudiwa na watu wenye nia njema. Tena njia ya mawasiliano ilikuwa moja, safari hii rangi na karatasi, na tena kimya kingesomwa kama kutoweza.

Creative Growth ilikuwa na desturi mbili zilizozuia hilo, kwa kadiri ninavyoona. Ya kwanza ni kwamba haikuwa na mtaala. Hakukuwa na hatua ya kwanza ambayo mtu lazima aimalize ndipo apewe ya pili, kwa hiyo hakukuwa na mahali pa kuandika "ameshindwa". Mtu alihesabiwa kuwa yupo, akazungukwa na watu wanaofanya kazi. Ya pili ni kwamba vifaa vilikuwa vya aina nyingi na vilibadilika: mbao, udongo, zulia, uchapaji, nguo. Asiyejibu kwa brashi anaweza kujibu kwa kitu kingine, lakini ni lazima kitu hicho kiwe chumbani siku atakapokuwa tayari, na siku hiyo haijulikani.

Kisha akaja Sylvia Seventy, msanii wa nyuzi, kufundisha darasa. Judith hakuwa mwanafunzi wake hasa. Alikuwa pembeni, akaona. Hakuiga kilichokuwa kinafundishwa. Alichukua vijiti, akaanza kuvifunga kwa nyuzi na vitambaa, akavizungushia tena na tena hadi vijiti vikapotea ndani. Tangu hapo hakuacha. Alifanya hivyo siku tano kwa wiki kwa takriban miaka kumi na sita, hadi alipofariki Machi 2005 akiwa na miaka 61. Aliacha kazi 200 hivi, baadhi kubwa kuliko yeye mwenyewe.

Kufuata mkono badala ya kuuongoza

Sehemu hii ndiyo yenye mafunzo mengi kwa mwezeshaji, kwa sababu baada ya Judith kuanza kazi, studio ingeweza bado kumharibia.

Kwanza, aliokota vitu. Chochote kilicholegea chumbani kingeweza kuishia ndani ya nyuzi zake: feni, gurudumu la baiskeli, kiti, funguo za mtu. Kazi yake moja ya miaka ya mwisho imejengwa juu ya toroli la dukani. Katika kituo cha kawaida tabia hiyo ingeandikwa kuwa ni wizi au tatizo la mwenendo, na ungetungwa mpango wa kuirekebisha. Studio iliamua kuihesabu kuwa ni uteuzi wa vifaa. Uamuzi huo una gharama, na bila shaka wako waliotafuta funguo zao kwa hasira. Lakini tazama kilichofanyika kiutendaji: tabia ileile, mtu yuleyule, jina tofauti kwenye daftari, na matokeo tofauti kabisa.

Pili, hakuna aliyemwambia lini amemaliza. Yeye mwenyewe alikuwa na ishara yake: aliisukuma kazi kando na kupangusa mikono. Ilichukuliwa, na nyingine ikaanza. Kwa mtu asiye na lugha, haki ya kusema "basi" ndiyo haki ya kwanza ya kisanii, na wawezeshaji wengi huivunja bila kujua. Kijana anaacha picha ikiwa nusu, mwezeshaji anamsihi aongeze jua pembeni ili mzazi apate kitu cha kuning'iniza ukutani. Jua hilo ni la mwezeshaji.

Tatu, siku moja nyuzi zilikosekana, naye akatengeneza kazi nzima kwa karatasi za kufutia mikono, akizipasua na kuzifunga hadi zikawa umbo kubwa la rangi ya maziwa. Ni kazi inayopendwa sana na wachambuzi. Mimi naipenda kwa sababu nyingine: inaonyesha kwamba mtu wa studio alimwona akimaliza karatasi za jikoni na hakumzuia.

Mambo yasiyonyooka

Kisa hiki hakiwezi kusimuliwa kama ushindi mtupu.

Judith hakuzipa kazi zake majina wala hakuzieleza. Waliobaki wakaeleza kwa niaba yake. Wapo walioona katika maumbo yaliyokaa mawilimawili habari ya pacha walioachanishwa. Wapo walioona vifuko vya wadudu, viota, maiti zilizofungwa sanda. Mwanahistoria wa sanaa John MacGregor, aliyechapisha utafiti wake juu ya Judith mwaka 1999, alitilia shaka kama yeye mwenyewe alikuwa na dhana ya kwamba anatengeneza sanamu za sanaa. Wengine wamempinga, wakisema mtu hafanyi uamuzi mwingi kiasi kile wa rangi na uzito bila nia. Nawaunga mkono hao wa pili, ila nakubali kwamba hakuna kati yetu aliyepata kumuuliza. Habari ya pacha ninaiona kuwa tamu mno, na utamu wa aina hiyo mara nyingi ni wa msimulizi.

Fedha nazo zina ugumu wake. Creative Growth ina jumba la maonyesho na huuza kazi. Kwa kawaida nusu ya bei huenda kwa msanii. Mgawo huo unafanana na wa majumba ya biashara, ni wa haki. Tatizo liko nje ya studio. Mmarekani mwenye ulemavu anayeishi kwa ruzuku ya serikali kuu iitwayo SSI haruhusiwi kuwa na akiba inayozidi dola 2,000, na kiwango hicho hakijapandishwa tangu 1989. Msanii akiuza kazi moja kwa bei nzuri anaweza kupoteza posho anayoishi kwayo. Mwaka 2014 sheria ya taifa iliruhusu akaunti maalumu, zijulikanazo kama ABLE, ambamo mtu anaweza kuweka akiba bila kuadhibiwa, na zipo pia amana zinazosimamiwa na mdhamini kwa niaba yake. Lakini ni lazima awepo mtu anayejua mambo hayo kabla hundi haijaingia. Mradi wa sanaa unaofungua duka bila mshauri wa masuala ya posho unaweza kumtia msanii wake hasarani kwa kumfanikisha.

Halafu kuna kivuli cha nyota. Creative Growth huhudumia wasanii zaidi ya 140. Wachache wamefika makumbusho makubwa. Dan Miller, kwa mfano, naye alionyeshwa Venice mwaka ule wa 2017. Wengi hawatafika, na hawakuja kwa ajili hiyo. Lakini mfadhili akishasikia kisa cha Judith huanza kuuliza nani ndiye Judith wa mwaka huu, na swali hilo likiingia katika bajeti, kijana anayezungusha viduara kwa mwaka wa pili anakuwa tena hatarini. Kisa kinachopaswa kumlinda kinageuka cha kumpima.

Vijana wa sasa

Nchini Marekani shule inawajibika kwa kijana mwenye ulemavu hadi afikishe miaka 21 au karibu na hapo, na kuanzia miaka 16 ni lazima iandike mpango wa maisha yake baada ya shule. Siku anapovuka umri huo, basi la shule haliji tena. Ndipo miradi mingi ya sanaa ya ushirikiano hujitokeza: shule inaungana na jumba la sanaa au kikundi cha maigizo, wanapata fedha za muhula, wanafanya vipindi kumi au kumi na viwili, wanamaliza kwa maonyesho, picha zinapigwa, ripoti inaandikwa. Vijana wachangamfu hung'ara. Asiyejibu katika wiki ya tatu anapewa kazi ya kugawa brashi.

Ukimweka Judith katika mradi wa vipindi kumi na viwili, matokeo yake yanajulikana: viduara. Tathmini ingesema alihudhuria na alionekana kutulia. Hakuna mtu angedanganya.

Sio kisa cha Judith peke yake kinachodai muda. Desemba 2025 Nnena Kalu alishinda Tuzo ya Turner, tuzo mashuhuri ya sanaa ya Uingereza, akiwa msanii wa kwanza mwenye ulemavu wa akili kufanya hivyo. Shirika la ActionSpace la London limekuwa likifanya naye kazi tangu 1999. Robo karne, kwa wawezeshaji waliokaa muda wa kutosha kumjua mkono wake, na naye pia, kwa sadfa ya kushangaza, hufunga na kuzungusha. Huwezi kuandika ratiba ya miaka 26 katika ombi la ruzuku, ila unaweza kukataa kuandika ratiba inayomtoa mtu kabla hajaanza.

Kivitendo ningetaka mkataba wa ushirikiano wa namna hii useme mambo ambayo kwa kawaida hauyasemi. Useme kwamba nafasi ya kijana haitegemei kazi anayotoa, na utaje chanzo cha fedha kinacholipia kuwepo kwake, tofauti na chanzo kinacholipia maonyesho. Useme kabla ya kuanza kama usikivu, uoni na njia ya mawasiliano ya kila kijana vimechunguzwa na mtu mwenye ujuzi huo. Kwa Judith uchunguzi wa masikio peke yake ungebadili kila kitu mwaka 1950. Useme nani anatafsiri ishara za kijana za kukubali na kukataa, na kwamba mtu huyo si yule anayenufaika na mauzo. Useme vifaa vitabadilishwa mara ngapi. Kuhusu onyesho la mwisho wa muhula, ningelifuta kabisa mwaka wa kwanza, ingawa najua mkuu wa shule na mfadhili watalalamika, na wazazi pia, ambao kilio chao kina haki zaidi kwa sababu wamengoja miaka mingi kuona mtoto wao akipigiwa makofi.

Mwaka 2024 makumbusho ya San Francisco, SFMOMA, yalifanya maonyesho ya miaka 50 ya Creative Growth baada ya kununua zaidi ya kazi 100 za wasanii wake. Ni ushirikiano wa hadhi, na makumbusho mengine yatataka kuuiga. Kitakachoigwa kwa urahisi ni ununuzi na ufunguzi wa maonyesho. Gharama ya kila siku ya studio, yaani mwezeshaji, nyuzi, gari la asubuhi na kiti cha mtu ambaye bado hajafanya kitu, haitundikwi ukutani, na katika mazungumzo ya aina hii ndiyo ya kwanza ningeiweka mezani.